Mtu wa Mwisho Kwenye Benchi

Asubuhi ile Mkalimani alikuwa jikoni anakunywa chai peke yake, na hakuna mtu katika ofisi ya Umoja aliyeingia kuchukua hata kijiko. Waliohitaji sukari walivumilia. Inspekta aliliona hilo kabla hajavua koti, maana ilikuwa tabia yake, akiingia mahali, kuangalia kwanza nani hasemeshwi.

Watu walimwita Inspekta ingawa alishastaafu polisi na hakuwa na cheo tena ila cha mdomoni mwa watu. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, ambaye magoti yake na ngazi hayakupatana. Nyumbani kwake alikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea nguo alizopiga pasi. Umoja ulipomwomba awafanyie uchunguzi wa kimyakimya, alikubali kabla hawajamaliza kueleza, na baadaye akajionea aibu kidogo kwa haraka ile.

Umoja wenyewe ulikuwa wa mashirika matatu: chama cha wafanyakazi wa mashamba, kituo cha msaada wa sheria, na zahanati ya wauguzi wa kujitolea. Kwa muda mrefu kila shirika lilikuwa linavuta upande wake. Chama kinagoma, wanasheria wanashtaki, wauguzi wanafunga vidonda, na wenye mashamba wanawacheka wote. Mwishowe wakaona heri waungane kwa ajili ya wale waliovuka mpaka kuja kuchuma mboga, watu ambao lugha ya hapa wanaiokotaokota tu kazini na pasi zao za kusafiria zimefungiwa kwenye kabati la meneja. Wakafungua namba moja ya simu ya malalamiko. Mtu akipiga, mashirika yote matatu hupanda gari moja, huenda shambani na kuwahoji wafanyakazi.

Kisa kilikuwa kwenye shamba la nyanya, lile la mabanda marefu ya plastiki kando ya barabara kuu. Mama mmoja mchumaji alipiga simu. Umoja ukaenda kukagua, na kesho yake mama akafukuzwa. Halafu fundi wa mabomba naye akapiga simu. Umoja ukaenda, na yeye akatolewa hivyo hivyo. Mtu akifukuzwa shambani, kibali chake cha kukaa nchini kinakufa palepale, anapandishwa basi anarudishwa kwao. Meneja hakuwahi kukosea. Katikati ya wafanyakazi wote wale alimtoa yule yule aliyepiga simu, kama mtu anayetoa kijiwe kwenye mchele.

Na sasa kulikuwa na mpigaji wa tatu. Gari lilikuwa tayari nje, linamngoja Katibu.

"Huyu wa tatu ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Utatusamehe mama, hilo hatukwambii," alijibu Katibu wa chama. Alikuwa mwanamume wa tumbo na sauti. Sauti yenyewe ilizoea kuhutubia viwanjani, humu ndani ilikuwa inatikisa vioo. "Jina linajulikana na watu wanne tu. Mimi, Wakili, Muuguzi, na yule bwana wa jikoni, kwa sababu ndiye anayepokea simu na kututafsiria. Sisi watatu tunajuana. Sasa jaza mwenyewe."

"Kwa nini ninyi watatu mlijue jina?"

Aliyejibu ni Wakili, binti mrefu aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Ili asije mmoja wetu akamchoma kwa meneja bila kujua. Tumekubaliana kila shirika limlinde kwa njia yake."

"Njia gani?"

"Hatuulizani. Tukianza kuulizana, Katibu atagomba."

"Mimi sigombi!" aligomba Katibu. Kisha akashusha sauti, ambayo ikabaki kubwa vilevile. "Sikiliza Inspekta. Siku ile fundi alipofukuzwa, nilimwona Mkalimani ndani ya pikapu ya shamba. Kiti cha mbele. Yuko na nyapara, wanaongea kikwao, wanacheka."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yameona gari na kicheko," alisema Inspekta. "Hayo mengine umeongeza wewe."

Katibu alipoongea tena, ukali ulikuwa umemtoka. "Mama, mimi ndiye ninayesimama mbele ya hawa watu nikiwaambia pigeni simu, msiogope. Wawili wamenisikiliza, wawili wamepoteza kazi. Huyu wa tatu akiondolewa, chama changu kinajitoa na ile simu naizima mwenyewe. Siwezi kuwa na simu ya kufukuzisha watu kazi."

Wakaondoka, Katibu mbele, Wakili nyuma yake, na Muuguzi, mama mnene mwenye viatu vyeupe, aliyekuwa kwenye gari muda wote akipanga vipimo vyake. Mkalimani aliachwa. Walikuwa wameazima mwingine kutoka shirika la jirani.

Inspekta akaenda jikoni.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Chai imebaki?"

Mkalimani alimwangalia kidogo kabla ya kuinua birika. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayesubiri kuitwa kortini. Yeye mwenyewe aliwahi kuchuma nyanya kabla hajapata kazi hii. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniomba kitu siku hizi," alisema.

"Wanasema umewauza."

"Nasikia. Nikipita wanashusha sauti. Wamesahau kwamba kazi yangu ni kusikiliza."

Inspekta alivuta kigoda akakaa. Chai ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo. "Pikapu."

"Nyapara ni mtu wa kwetu. Vijiji vyetu vinapakana, dada yake kaolewa na binamu yangu, kwa hiyo ni shemeji kwa namna fulani." Alisema bila kujitetea. "Fundi walimtoa na nguo za mwilini na viatu vya mpira vya shamba. Basi. Hapa ofisini watu walikuwa kwenye kikao, wanamjadili msaliti. Nikaona hakuna aliyekumbuka begi la mwenzetu. Nikaenda shambani kwa miguu kuliomba. Shemeji akanirudisha na pikapu mpaka zahanati."

"Na kicheko?"

"Alinitania nimekonda, eti mabwana zangu wapya hawanilishi. Nilikuwa nimekwenda kuomba, mama. Mwenye begi akitania, wewe unacheka."

"Mbona hukumweleza Katibu?"

"Hakuniuliza. Naye akiamua jambo, ukimweleza anaona unajikosha."

Inspekta alilipima jibu hilo. Lilikuwa limekaa sawa, lakini majibu ya waongo nayo hukaa sawa, na mara nyingine hukaa sawa zaidi. Akabadili upande. "Fundi alipiga simu kutoka wapi? Nyapara anaweza kuwa anapekua simu za watu."

"Hakutumia simu yake. Alikwenda zahanati kuoshwa jeraha, akapewa simu ya mezani, chumba cha sindano, mlango umefungwa. Muuguzi mwenyewe alisimama nje kama mlinzi. Upande wa pili nilikuwa mimi."

Njia ya simu ikafungwa hapo. Zilibaki njia mbili: ama mtu huyu amesema, ama mmoja wa wale watatu. Inspekta alisimama, magoti yakalalamika.

"Twende zahanati. Nataka kumwona fundi."

"Na mimi? Mimi nimekatazwa."

"Umekatazwa shamba, zahanati hujakatazwa. Tena ninataka mshukiwa wangu awe karibu. Akinitoroka nitamkimbiza na magoti gani?"

Mkalimani alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na chumba cha vitanda viwili kwa watu wasio na pa kwenda. Fundi wa mabomba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, begi lake limefungwa zipu liko mapajani. Basi lake lilikuwa kesho. Inspekta alimuuliza kama anataka kwenda mahali sasa hivi.

"Hapana, mama. Niko tayari tu." Lugha ya hapa alikuwa ameijulia kazini, akiitamka kwa uangalifu kama anayekanyaga sakafu iliyolowa.

"Begi amekuletea nani?"

"Huyu kaka."

"Alikuja na nani?"

"Na nyapara. Yeye alibaki ndani ya gari. Nilitoka, akageuza uso. Labda aibu, sijui."

Inspekta hakumwangalia Mkalimani, ila alimsikia akivuta pumzi. "Ulimwambia mtu yeyote kwamba umepiga simu? Rafiki? Wa kitanda cha jirani?"

"Nimwambie nani?" Fundi aliuliza kana kwamba kweli anatafuta jina. "Bwenini tumejaa, mtu akijigeuza anamwamsha mwenzake. Lakini taa ikizimwa, kila mtu anakwenda kwao. Hata mke wangu sikumwambia. Yeye nilimwambia kazi ni nzuri."

"Hebu nieleze siku Umoja ulipokuja. Usiache kitu, hata cha kijinga."

Fundi alieleza. Wafanyakazi waliitwa kwenye banda la kufungashia, wakakalishwa kwenye benchi refu la ubao. Mbele yao kulikuwa na meza tatu, ya chama, ya wanasheria na ya wauguzi. Kila meza ilichagua watu wake wa kuhoji. Watu wakawa wanainuka, wanakwenda, wanarudi kazini.

"Mpishi naye aliitwa, meza zote tatu. Mpaka akalia chakula kinaungua. Wachumaji wote wa banda letu, mbeba maji, mlinzi wa usiku ambaye alikuwa anasinzia. Mimi sikuitwa."

"Hukuitwa na meza gani?"

"Na zote."

"Hata kupimwa presha?"

Fundi alitikisa kichwa. "Nilikaa. Wenzangu waliondoka huku na huku, benchi likawa langu. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu." Alitabasamu kwa aibu. "Viatu vya mpira havina kamba, mama."

Inspekta hakutabasamu. "Nyapara alikuwa wapi?"

"Pale kwenye mzani. Alisimama tu, anatuangalia, hana haraka. Mwishoni akaja akakaa na mimi. Akanipa sigara. Akaniuliza, 'Wewe wageni hawakutaki?' Nikamwambia labda wamechoka. Akasema, 'Labda.' Akanigusa bega, akaenda kwa meneja."

Inspekta alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kitupu bila kujua ameushika.

"Yule mama wa kwanza, mchumaji," alimwambia Mkalimani. "Unaweza kumpata kwa simu, huko kwao?"

Alipatikana. Nyuma ya sauti yake walisikika kuku na mtu akipasua kuni. Mkalimani alimsalimu, akamjulia hali, maana huwezi kumvamia mtu na swali hivi hivi, kisha akageuka. "Nimuulize nini?"

"Siku ya ukaguzi aliitwa meza gani?"

Mkalimani aliuliza. Jibu lilikuwa refu kuliko swali. Alishusha simu.

"Anasema hakuitwa. Anasema alidhani ni kwa sababu nguo zake zilikuwa zinanuka dawa."

Inspekta alitoa simu yake mwenyewe, akampigia Muuguzi. Iliita sana. Muuguzi aliposhika, nyuma yake kulikuwa na kelele za trei na sauti ya Katibu ikimzidi kila mtu.

"Muuguzi, siku ile ya fundi, ulimwita mezani kwako?"

"Wewe nawe! Ningemwitaje?" Muuguzi alinong'ona. "Si ndiye tuliyekuwa tunamlinda? Nyapara angemwona ananiongelesha, ingekuwaje? Nilimpita makusudi, hata jicho sikumtupia."

"Wakili je, alimwita?"

"Wakili ana utaratibu wake."

"Katibu?"

"Naye ana..." Kelele za trei ziliendelea. "Inspekta. Usiniambie."

"Na leo? Huyu wa tatu ameitwa na nani?"

Inspekta akamsikia Muuguzi akigeuka kuangalia.

"Yuko benchi?"

"Yuko benchi," alisema Muuguzi, na simu ikakatika. Mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Inspekta alipiga tena na tena, ikawa haipatikani.

"Hakuna msaliti," aliwaambia wale wanaume wawili, akiokota koti lake. "Kuna watu watatu wenye huruma wasioulizana. Kila mmoja anampita mtu mmoja, yule yule, na nyapara anasubiri kuona nani kabaki. Anachohitaji ni macho na subira."

Fundi alilitazama begi lake. "Kwa hiyo walinijua," alisema mwishowe. "Nilidhani hawanijui."

Gari la Inspekta lilikuwa la zamani na lilimtii yeye tu, lakini siku ile alimpa Mkalimani usukani ili magoti yapumzike. Walipofika barabara kuu Mkalimani alianza kupiga usukani kwa kiganja, polepole.

"Kuna kitu, Inspekta. Mkataba wa Umoja na wenye shamba. Mimi ndiye niliyewasomea wafanyakazi kwa sauti. Unasema mtu aliyehojiwa na Umoja siku ya ukaguzi haguswi kazini msimu mzima. Wakimgusa, wanunuzi wa mjini wanasitisha kununua. Meneja anaogopa hilo kuliko moto."

"Na asiyehojiwa?"

"Asiyehojiwa hayumo."

Inspekta alifunga macho. Sasa yote yalikuwa wazi, na uwazi wenyewe ulimtia hasira. Ndiyo maana mpishi aliyehojiwa meza zote tatu bado alikuwa anapika. Ndiyo maana meneja hakuwahi kuthubutu kumfukuza mwingine yeyote. Walimficha mtu wao vizuri mpaka wakamweka nje ya ukuta walioujenga kwa ajili yake.

"Ukaguzi unakwisha lini? Saa ngapi mtu hawezi kuongezwa tena?"

"Katibu akishampa meneja mkono mbele ya watu. Hapo umefungwa."

"Basi kanyaga mafuta. Gari likifa, nitalizika mimi."

Mlinzi wa getini alimjua Mkalimani na akataka kuleta maneno. Inspekta alishusha kioo, akamwangalia kwa lile jicho ambalo serikali ilimlipa miaka mingi alinoe. Mlinzi akafungua.

Banda la kufungashia lilikuwa pana, paa la bati, pande zote wazi. Trei za nyanya zilipangwa mpaka juu ya kichwa cha mtu. Wafanyakazi walikuwa wameshaanza kurudi kwenye mabanda ya plastiki, wawili wawili, wakivaa glavu. Kwenye benchi refu alikuwa amebaki mama mmoja. Alikuwa na skafu ya kijani, mikono ya gauni imelowa, viganja amevilaza magotini. Hakuwa na la kujifanya anafanya.

Wakili alikuwa anakunja meza yake huku akilitazama bati la paa kana kwamba linavuja. Muuguzi alikuwa ameduwaa, simu isiyo na mtandao iko mkononi, kama mtu aliyejua afanye nini na akaogopa kukifanya peke yake. Katibu alikuwa anacheka na meneja kwa sauti, mgongo wake mpana umelielekea benchi moja kwa moja. Na nyapara alikuwa kwenye mzani. Hakucheka, hakufungasha chochote. Alikuwa anamwangalia mama yule, bila haraka.

"Katibu," Inspekta aliita. "Njoo mara moja."

"Ngoja nimuage meneja."

"Usimpe mkono. Njoo."

Alikuja amekunja uso, akamwona Mkalimani, uso ukakunjwa zaidi. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Mwenye skafu ya kijani ndiye mpigaji wa tatu."

Kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, sauti ya Katibu ilitoka ndogo. "Amekwambia huyu."

"Hakuna aliyeniambia. Nimeingia hapa sasa hivi, magoti yananiuma, nimeangalia mara moja tu. Nyapara yuko hapa tangu asubuhi. Unadhani yeye kipofu?"

"Mimi nilimwacha ili..."

"Wewe umemwacha, Wakili kamwacha, Muuguzi kamwacha. Kila mtu kwa wema wake. Ndivyo mlivyomwacha mchumaji, ndivyo mlivyomwacha fundi. Hakuna aliyewauza. Mliwaonyesha wenyewe kwa kidole."

Katibu alilitazama benchi. Alilitazama kweli, kama mtu anayelazimishwa kuangalia jeraha lake mwenyewe. "Tukimwita sasa, nyapara atajua."

"Ameshajua. Kilichobaki ni jambo moja tu, kama mama huyu atalala leo amehojiwa au hajahojiwa."

Nyapara alikuwa ameuacha mzani. Alitembea mpaka kwenye benchi, akainama, akasema neno kwa lugha yao, kwa upole kabisa. Mkalimani akatafsiri kwa mnong'ono: "Anamwambia amfuate nyuma, kuna trei za kupanga." Mama akainuka. Alikung'uta gauni, ingawa halikuwa na vumbi.

Wakati huohuo meneja alikuwa amewafuata, mtu nadhifu, mkono wake umenyooshwa mbele. "Basi Katibu, kazi nzuri. Tufunge?"

Mkono ulikaa hewani. Katibu aliutazama. Kisha akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi, mtu mzima yule mwenye tumbo lake.

"Bado," alisema. "Kuna mtu hatujamsikiliza. Mama! Wewe wa skafu. Tafadhali."

"Huyu ana kazi," alisema nyapara.

"Kazi itamsubiri. Wakili, meza!"

Wakili alikuwa ameshaanza kuikunjua. Miguu ya meza ilikwama, akaipiga teke mara mbili, ikaitika kwa kishindo na wafanyakazi waliokuwa wanatoka wakageuka. Muuguzi alikuja mbio na kiti, akajikwaa kwenye trei, nyanya zikatawanyika, hakuna aliyeziokota. Meneja alirudisha mkono wake mfukoni. Alimtazama nyapara, na nyapara akatazama chini.

Mkalimani wa kuazima alikuwa ameshaondoka. Katibu aligeuka, akamkuta Mkalimani pale aliposimama tangu mwanzo, pembeni ya nguzo, shati limefungwa mpaka shingoni. Walitazamana.

"Kaka," Katibu alisema. "Nilitakiwa nikuulize kuhusu lile gari. Sikukuuliza. Njoo ukae nasi."

Mkalimani alikuja, akakaa. Hakusema kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Mama wa skafu alifika mezani lakini hakuketi. Wakili alianza kumweleza kuhusu mkataba na ulinzi na msimu mzima, maneno mengi yanayokimbizana, na Mkalimani akawa anayafuata nyuma. Mama aliinua kiganja. Wakili akanyamaza. Mama alisema kwa lugha yake, taratibu, akiwaangalia wote watatu mmoja baada ya mwingine.

"Amesema nini?" Katibu aliuliza.

"Anasema siku aliyopiga simu aliomba jambo moja tu. Dawa isinyunyiziwe wakiwa bado ndani ya mabanda, kwa sababu anakohoa damu na hakuna mtu wa kumwambia. Anasema leo mlipofika alifurahi, alifua hata skafu. Halafu akaona mnamwita huyu, mnamwita yule, na kila mkimfikia macho yenu yanahama." Mkalimani aliinua uso. "Anasema, 'Nilidhani mmekuja, mkaniona, mkaghairi.'"

Muuguzi alifunika mdomo kwa mkono. Inspekta, ambaye hakuwa na kazi tena pale, aliegemea nguzo na kutazama upande wa mabanda ya plastiki, akapepesa macho mara kadhaa.

"Mwambie," alisema Katibu. "Mwambie tulikosea. Mwambie kwamba fundi na yule mama wa kwanza tuliwakosea hivi hivi, na hao hatuwezi kuwarudisha. Halafu mwambie aanzie popote anapotaka. Hatuondoki."

Mkalimani alimwambia. Mama alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akakishika kiti, akakigeuza kidogo ili ampe nyapara kisogo, akaketi, na akaanza kusema.